Ukuta Hauponyi Uraibu

Somo la afya na jamii: vilevi, maradhi ya akili na mgonjwa aliyeletwa na mahakama



Ndugu msomaji, baada ya darsa moja ya Alhamisi, mwenzetu wa kitivo cha sheria aliniuliza swali ambalo wengi tunalo moyoni: "Mtu anavuta bangi kwa hiari yake, anachanganyikiwa, anaua. Halafu mahakama inampeleka hospitali badala ya gerezani. Haki ya marehemu iko wapi?" Swali ni zito na halistahili jibu la haraka. Nimeliandikia somo hili ili tulisome pamoja, polepole, kisha kila mmoja apime.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Muhula uliopita nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya afya ya akili, na wiki tatu kati ya hizo nilizitumia katika wodi ya wagonjwa wanaoletwa na mahakama. Sitaeleza habari za mgonjwa yeyote kwa namna ya kumtambulisha, maana siri ya mgonjwa ni amana. Nitaeleza nilichojifunza, na jambo kubwa nililojifunza ni hili: kumtenga mtu na kilevi si sawa na kumtibu uraibu. Tukilichanganya jambo hili, mgonjwa hudhurika, na wanaoishi naye hudhurika pia.

1. Mgonjwa huyu ni nani?

Katika nchi zetu mtu anaweza kufika wodi ya mahakama kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni pale mshtakiwa anapoonekana hawezi kuifuata kesi yake. Haelewi anashtakiwa nini, wala hawezi kumweleza wakili wake kilichotokea. Kesi inasimama kwanza, yeye anapelekwa kupimwa na kutibiwa. Njia ya pili ni pale kesi inaposikilizwa, ikathibitika kuwa kitendo alikifanya, lakini wakati ule maradhi ya akili yalikuwa yamemzuia kujua anachofanya au kujua kuwa ni kosa. Huyo haachiwi kwenda zake. Anawekwa chini ya ulinzi na matibabu.

Kanuni hii ya pili ina historia. Mwaka 1843 huko London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiwa na imani ya kimaradhi kwamba chama tawala kinamwandama. Alionekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, watu wakaja juu, na majaji wakatakiwa na Bunge kueleza sheria ni ipi. Majibu yao ndiyo yaliyosambazwa katika makoloni ya Uingereza, na mpaka leo harufu yake imo katika sheria za adhabu za Uganda, Kenya na Tanzania. Hapa Uganda wagonjwa wa namna hii hupelekwa Butabika, Kampala. Kenya wana Mathari, Nairobi. Tanzania wana Isanga, Dodoma, iliyo chini ya hospitali ya Mirembe.

Kukaa huko si kwa siku mbili. Hapa kwetu kwa miaka mingi mtu aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu alikuwa akisubiri amri ya waziri ndipo hatima yake ijulikane, na wapo waliosubiri miaka mingi gerezani hata baada ya kupata nafuu. Mwaka 2015, katika kesi iliyosikilizwa Fort Portal, Mahakama Kuu iliukosoa utaratibu huo na kusema kwamba jambo hili ni la mahakama kuamua. Kwa hiyo mwenzetu aliyefikiri hospitali ni njia ya mkato ya kukwepa adhabu ajue kwamba mara nyingi njia hiyo ni ndefu, na mwisho wake haujulikani kama unavyojulikana mwisho wa kifungo.

2. Uraibu ni nini hasa?

Tunapenda kusema "yule mlevi" au "yule teja" kana kwamba tumemaliza maelezo. Wataalamu hawaishii hapo. Mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Tiba ya Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, una dalili 11. Tunaweza kuzipanga katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kushindwa kujizuia: mtu anatumia zaidi ya alivyokusudia, anajaribu kupunguza anashindwa, muda wake mwingi unaishia kutafuta kilevi, na ana kiu kali isiyomwacha. La pili ni maisha kuharibika: kazi, masomo na familia vinamshinda, anagombana na watu wake, na mambo aliyokuwa akiyapenda anayaacha. La tatu ni kujihatarisha: anatumia mahali pa hatari, na anaendelea huku akijua kinamdhuru. La nne ni mwili kuzoea: kiasi cha jana leo hakimtoshi, na akikosa anaugua. Ugonjwa huo wa kukosa ndio vijana wa pwani wanaouita arosto.

Dalili mbili au zaidi ndani ya miezi 12 zinatosha kusema kuna tatizo. Mbili au tatu ni hali nyepesi, nne au tano ni ya kati, sita na kuendelea ni kali. Angalia kwamba si kila anayetumia ana maradhi. Kwetu Waislamu tone moja la pombe ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini hukumu ya haramu na utambuzi wa maradhi ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa ametenda dhambi bila kuwa mraibu, na anaweza kuwa mraibu ambaye toba yake ni ya kweli kabisa lakini mwili na ubongo wake vinahitaji tiba.

3. Maradhi mawili ndani ya mtu mmoja

Uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye skizofrenia, asilimia 47 walikuwa wamepata tatizo la pombe au dawa za kulevya katika maisha yao. Karibu nusu. Kwa nini? Sababu zinaingiliana.

Kwanza, kilevi chenyewe kinaweza kuamsha saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii na kuamini mambo yasiyokuwepo. Utafiti uliofuatilia zaidi ya vijana 45,000 walioingia jeshini Sweden, uliotolewa mwaka 1987, uligundua kwamba waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia kwa kiwango cha karibu mara sita ya wasiovuta kabisa. Wavutaji wengi hawakuugua, lakini hatari iliongezeka kadiri uvutaji ulivyoongezeka. Watafiti bado wanajadiliana ni kiasi gani cha hatari hiyo kinatokana na bangi yenyewe, ila hakuna anayeichukulia kuwa mchezo kwa kijana ambaye ukoo wake una maradhi hayo.

Pili, mgonjwa hutumia kilevi kama dawa yake mwenyewe. Mmoja aliniambia sauti zilikuwa zikimtukana usiku kucha, na waragi ndiyo iliyompa usingizi. Ilimpa usingizi kweli, kisha ikamfanya asahau vidonge, asiende kliniki, na sauti zikarudi na nguvu mpya. Tatu, yako mambo yanayozaa yote mawili: umaskini, vita, kupigwa na kudhalilishwa utotoni. Kijana aliyepitia hayo yuko karibu na maradhi ya akili na yuko karibu na chupa.

4. Je, wagonjwa wa akili ni watu wa kuogopwa?

Hapa tuwe na uadilifu na takwimu. Watafiti wa Sweden walilinganisha watu 8,003 wenye skizofrenia na watu wengine wa kawaida, wakatoa matokeo mwaka 2009. Miongoni mwa wagonjwa, asilimia 13.2 walipatikana na hatia ya kosa la kutumia nguvu angalau mara moja, dhidi ya asilimia 5.3 ya wengine. Ukiishia hapo utasema wagonjwa ni hatari. Lakini walipowagawa wagonjwa, wale waliokuwa pia na tatizo la vilevi walifikia asilimia 27.6, na wale wasio na tatizo la vilevi walikuwa asilimia 8.5.

Soma tarakimu hizo tena. Sehemu kubwa ya tofauti ilikwenda na vilevi. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 1998 na kufanyika katika miji mitatu, ulifika mahali pa karibu: katika mji mmoja ambako walipima pia majirani, wagonjwa waliotoka hospitali bila dalili za ulevi hawakuwa wakali kuliko majirani zao wasio walevi. Na usisahau kwamba hata katika lile kundi la asilimia 27.6, karibu robo tatu hawakupatikana na kosa lolote la namna hiyo.

Faida ya kulijua hili ni kubwa. Kama sehemu kubwa ya hatari imejificha kwenye kilevi, basi hospitali inayompa mgonjwa sindano ya saikosisi na kumwacha na uraibu wake imetibu nusu tu, tena imeiacha ile nusu yenye madhara zaidi kwa watu. Ndiyo maana kipimo kinachotumika sana duniani kukadiria hatari ya mgonjwa wa namna hii, kinachoitwa HCR-20, kina vipengele 20, na historia ya matumizi ya vilevi ni kipengele kinachojitegemea.

5. Sheria na fiqhi zinasemaje kuhusu aliyelewa?

Sasa turudi kwa mwenzetu wa sheria. Je, kulewa ni utetezi? Sheria za adhabu za Uganda, Kenya na Tanzania zinajibu kwa namna inayofanana, kwa sababu zina mzazi mmoja wa kikoloni. Jibu la msingi ni hapana. Kulewa kwa hiari hakumwondolei mtu lawama. Ziko hali mbili za kipekee, nazo sharti mtu awe hakujua anachofanya au hakujua kuwa ni kosa. Moja ni pale alipoleweshwa na mwingine kwa hila au uzembe bila ridhaa yake. Nyingine ni pale ulevi ulipomfikisha kwenye wazimu hasa, uwe wa muda au wa kudumu. Mbali na hayo, mahakama inaweza kuutazama ulevi inapouliza kama mtu aliweza kuwa na kusudio linalotakiwa na kosa lenyewe.

Kwa hiyo yule mtu aliyevuta, akapandwa na hasira na kuua, halafu akaamka asubuhi na fahamu zake, kwa kawaida haendi wodini kama mgonjwa asiye na hatia. Anayekwenda ni yule ambaye wapelelezi, daktari na jaji wameona maradhi yaliyosimama yenyewe, hata kama kilevi kiliyachochea. Ni kazi ngumu kuyatenganisha. Daktari huuliza: je, sauti na imani zile zilikuwepo kabla ya kuvuta? Ziliendelea wiki baada ya kilevi kutoka mwilini? Ukoo una historia gani?

Wanavyuoni wetu waliligusa jambo hili karne nyingi kabla ya M'Naghten. Hadithi mashuhuri inataja watatu ambao kalamu imeinuliwa kwao: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Mlevi hakutajwa. Mafaqihi wakapambanua kati ya aliyepoteza akili kwa uasi wake mwenyewe na aliyepoteza kwa udhuru, kama aliyelazimishwa au aliyekunywa bila kujua. Jamhuri yao wakamwajibisha wa kwanza kwa damu aliyoimwaga, lakini katika talaka ya mlevi wakakhitalifiana, na imepokewa kutoka kwa Uthman ibn Affan, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba haipiti. Tofauti hiyo inatufundisha kwamba hata wao hawakuiona akili ya mlevi kuwa jambo jepesi la kuhukumiwa kwa neno moja.

Haki ya marehemu haipotei kwa mgonjwa kupelekwa hospitali. Familia ina haki ya kuuona ukweli ukithibitishwa mahakamani na kuhakikishiwa usalama. Usalama huo unategemea sehemu inayofuata.

6. "Hapa siachi, hapa sina"

Katika faili nyingi nilizosoma wodini nilikuta maneno haya: "Hatumii vilevi." Ni kweli. Mtu yuko nyuma ya ukuta, geti linalindwa, wageni wanapekuliwa. Atavutia wapi? Nilimuuliza mgonjwa mmoja aliyekaa humo miaka mingi kama ameacha pombe. Akacheka, akanijibu: "Daktari, hapa siachi. Hapa sina."

Mwalimu wetu alituambia jibu lile lina thamani kuliko ukurasa mzima wa faili. Ule mwongozo wa mwaka 2013 nilioutaja unakubaliana naye. Unasema mtu aliyekaa miezi mitatu bila dalili yuko katika nafuu ya awali, na aliyefikisha miezi 12 yuko katika nafuu ya kudumu. Lakini unaweka alama maalumu kwa aliye mahali ambapo kilevi hakipatikani, kama gereza au wodi iliyofungwa. Maana yake nafuu hiyo haijapimwa. Tena katika hesabu hiyo, kiu ya kilevi ndiyo dalili pekee inayoruhusiwa kubaki. Mtu anaweza kukaa miaka sita bila tone, na kiu yake ikawa imelala tu.

Fikiria siku anapotoka. Anashuka kwenye teksi katika senta ya kijijini kwao. Duka la waragi liko palepale. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku vifuko vya waragi mwaka 2019, lakini waragi ya chupa ipo, malwa ipo, bangi ipo. Rafiki wa zamani anamkaribisha kwa wema kabisa. Ndugu wa marehemu wanamtazama. Kazi hana. Kila alichokuwa akikijibu kwa kilevi zamani kinamngoja pale, na yeye hajafundishwa jibu jingine.

Kuna hatari ya pili, hasa kwa waliokuwa wakitumia heroini. Mwili uliokaa muda mrefu bila dawa umepoteza mazoea yake. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua. Utafiti wa wafungwa walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, uliotolewa mwaka 2007, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Hao walikuwa wafungwa, si wagonjwa wa wodi ya mahakama, lakini mwili wa mwanadamu haujui tofauti ya ukuta na ukuta.

7. Tiba ya kweli inakuwaje?

Kwanza kabisa ni usalama wa siku za mwanzo. Mtu anayekunywa kila siku, akikamatwa na kukaa selo bila pombe, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili au ya tatu akaweweseka, akatetemeka, akaona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Inatibika kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1. Askari anayedhani mtu huyo anaigiza, au jirani anayedhani amepandwa na jini, anapoteza saa ambazo zingeokoa uhai. Dua na ruqya hazikatazwi, ila gari la kwenda hospitali litangulie.

Pili, maradhi mawili yatibiwe na timu moja. Ikiwa kliniki ya akili inamwambia, "Acha kwanza pombe ndipo uje," na kituo cha uraibu kinamwambia, "Tibu kwanza sauti zako ndipo uje," mtu huyo hana pa kwenda. Nchini Ujerumani sheria yenyewe ina milango miwili: kifungu cha 63 cha sheria yao ya jinai kinampeleka mkosaji mwenye maradhi ya akili hospitali bila kikomo kilichowekwa mapema, na kifungu cha 64 kinampeleka mwenye uraibu kwenye taasisi ya kuacha vilevi. Ni utaratibu uliopangwa vizuri kwenye karatasi, lakini hata huko wapo wagonjwa wenye yote mawili, na daktari hawezi kuukata ubongo vipande viwili kwa kufuata kifungu.

Tatu, mazungumzo. Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller alieleza namna ya kuzungumza na mlevi bila kumhubiria wala kumbishia, na baadaye yeye na Stephen Rollnick wakaikuza. Mtaalamu anamwacha mgonjwa aseme mwenyewe kilevi kimempa nini na kimemnyang'anya nini, mpaka sababu ya kuacha itoke kinywani mwake. Nililiona hili katika kikundi cha asubuhi. Muuguzi aliuliza tu, "Siku ukitoka, saa kumi na mbili jioni utakuwa wapi?" Watu waliokuwa kimya wiki nzima wakaanza kuzungumza, maana saa kumi na mbili jioni ndiyo saa waliyozoea kwenda kunywa.

Nne, kujifunza kuteleza bila kuanguka moja kwa moja. Alan Marlatt alionyesha kwamba aliyeacha, akinywa mara moja tu, mara nyingi hujiambia, "Nimeshaharibu, basi ngoja ninywe yote." Kukata tamaa huko kunamwangusha kuliko ule mkupuo wa kwanza. Mgonjwa hufundishwa mapema: ukiteleza, piga simu hii, rudi kliniki kesho, usijifiche.

Tano, dawa zinazosaidia. Kwa pombe ipo naltreksoni. Kwa heroini ipo methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya muuguzi, ikiondoa arosto bila kumlewesha mtu aliyepewa kipimo sahihi. Muhimbili, Dar es Salaam, walifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo ikasambaa. Kuna wanaosema huko ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Aliyekuwa akiiba kila siku ili apate unga na sasa anaamka, anakunywa dozi yake na kwenda kazini hajabadilisha kitu kwa kitu kilekile.

Sita, kutoka kwa hatua. Ruhusa ya saa chache, kisha siku moja, kisha wikiendi, kila mara akirudi kuzungumza alichokutana nacho na kupimwa mkojo. Huko ndiko nafuu inakopimwa. Kumtoa mtu kutoka geti lililofungwa hadi uhuru kamili kwa siku moja ni kumtupa mtoni asiyejua kuogelea.

8. Na sisi tuna kazi gani?

Katika Sahihi ya Bukhari kuna habari ya sahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, naye akiadhibiwa kila mara. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa jinsi anavyorudiarudia. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, akakataza kumlaani, na akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Sheria ilitekelezwa, na heshima ya mtu ikabaki. Aliyerudia kosa hakufukuzwa katika jamaa.

Jamaa hiyo leo ni sisi. Mgonjwa anaporudi kijijini, afisa wa ustawi, mwenyekiti wa LC na familia ndio wanaomkabidhiwa. Msikiti ungeweza kuwa wa nne. Jioni ndiyo saa ya hatari, na jioni sisi tuna Maghrib, darsa na Isha. Mtu mmoja akimpitia amchukue, akamrudisha nyumbani, saa tatu za hatari zimepita. Katika likizo, mwanafunzi anaweza kumkumbusha tarehe ya kliniki, kumsindikiza, au kuketi na familia awaeleze kwa nini vidonge visiachwe hata akionekana mzima. Ndugu wa marehemu nao watembelewe, kwa kuwa msiba wao haukwisha mahakamani. Na tuache jina la "kichaa" na "teja." Mtu anayeitwa hivyo kila kona ataenda mahali pekee ambapo haitwi hivyo, na mahali hapo ni kilabuni.

Kwa mwenzetu wa sheria, jibu langu ni hili: haki ya marehemu inalindwa pia kwa kuhakikisha hakuna marehemu wa pili. Kifungo kinaweza kuchelewesha jambo hilo. Tiba ya maradhi yote mawili, inayoendelea baada ya geti kufunguliwa, ndiyo inayoweza kulizuia.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Taja tofauti kati ya mtu aliyelewa wakati wa kosa na mtu ambaye ulevi ulimfikisha kwenye wazimu. Sheria inawatazamaje? Fiqhi je?

2. Kwa nini maneno "hatumii vilevi" katika faili ya mgonjwa aliyefungiwa hayatoshi kuwa ushahidi wa kupona?

3. Katika mtaa wako, mgonjwa akirudi leo, saa kumi na mbili jioni ataenda wapi? Ni nani atakayempitia?

Wabillahi tawfiq.